Nilipima Umri kwa Shikamoo

Bunju, Jumamosi, mchana. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakata. Njia ya kuingia kwetu imegeuka tope tupu, hata bodaboda wanashuka na kusukuma.

Nimemkosea mtoto wa jirani yangu. Naliandika hili mwanzo kabisa, maana najijua, nikianza na maelezo nitajikuta nimejitetea mpaka mwisho.

Wale mnaokujaga humu kusoma habari za kuku chotara, leo hamna kuku. Hii blogu alinifungulia binti yangu Doreen nipate pa kuandikia chanjo na magonjwa, na mwaka wa tatu huu sijawahi kuandika kitu kingine. Leo naandika yangu mwenyewe. Anayetaka kuondoka aondoke, sina kinyongo.

Nina grosari. Viti kumi na viwili vya plastiki, turubai, friji mbili, na dirisha lenye nondo ambalo ndo nauzia. Wateja wananiita Mangi kwa sababu natokea Rombo. Nina miaka hamsini na tatu, nimesoma mpaka kidato cha nne, na sheria ya kuuza pombe naijua, kwa hiyo hapo sina pa kujificha. Aliye chini ya miaka kumi na nane humuuzii. Ukimtilia mtu shaka, unamwomba kitambulisho. Ofisi ya kata ilituita wauza vileo wote, afisa biashara akatusomea moja moja: kitambulisho cha taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva, chochote chenye tarehe ya kuzaliwa. Tukasaini. Tukapewa na tangazo, nikalibandika juu ya dirisha.

Wiki ya kwanza nilifuata vizuri tu. Nikajitia kumwomba kila mtu, nisionekane nabagua. Nikamwomba na Mzee Komba. Huyu ni seremala mstaafu, ana miaka sabini na kitu, kiti chake ni kile cha pembeni ya friji na hakuna mwingine anayekikalia. Mzee Komba akavua kofia, akaniinamishia upara pale dirishani.

"Kitambulisho changu hiki hapa," akasema. "Kisome taratibu, maandishi yake madogo."

Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga bia yake. Nami nikacheka. Lakini si wote waliocheka. Kwetu huku kitambulisho unaombwa na polisi, au na mlinzi wa getini. Mtu mzima na ndevu zake, mnajuana miaka, leo unamwambia lete kitambulisho, anaona umemvunjia heshima. Wawili watatu wakahamia baa ya jirani. Mmoja alipita mbele yangu kwa makusudi, akanipungia mkono.

Hapo ndo nikabuni ujinga wangu.

Siku moja kijana alikuja dirishani, akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, halafu akaomba bia. Nikamwambia marahaba mwanangu, lakini nikishakuitikia marahaba nitakuuziaje bia? Wateja wakaangua kicheko. Nikaona kumbe nimepata njia. Ukiniamkia, we mtoto, huuziwi. Ukinisalimia kama mwenzangu, mambo au habari za saa hizi, we mkubwa, njoo uchukue. Hamna kuombana vitambulisho wala kuvunjiana heshima. Mzee Komba akaipa jina, kitambulisho cha mdomo. Likazagaa mtaa mzima, na mie nikavimba kichwa.

Tangazo la kata likabaki pale juu linakula vumbi.

Nikikumbuka mambo ya kipindi kile, namkumbuka Baraka, fundi umeme. Kijana wa Songea, ana mke na watoto wawili, kalelewa kwao akalelewa kweli. Alikuja jioni moja kutoka kazini, mikono imejaa vumbi la ukuta, akasema shikamoo Mangi, naomba moja ya baridi. Nikamkatalia. Akadhani natania. Akatoa kitambulisho chake cha taifa, akakipitisha katikati ya nondo. Sikukishika hata. Nikamwambia kirudishe mfukoni, umeshajitambulisha kwa mdomo. Kijiwe kizima kilimcheka. Baraka alitabasamu kidogo, akarudisha kadi yake mfukoni, akaondoka bila bia.

Mtu ananipa kadi yenye tarehe ya kuzaliwa, mie nakataa kuisoma.

Mke wangu, Mama Doreen, anashona nguo barazani na mengi yanayosemwa dirishani anayasikia. Siku ile aliniambia huo utaratibu wangu unawaadhibu wenye adabu. Nikamwambia aendelee na cherehani.

Watoto wanajifunza haraka kuliko sisi. Haikupita muda wakawa wanajua kwamba kwa Mangi ukitaka kitu, usiamkie.

Sasa nifike kwa Zuhura.

Zuhura ni mtoto wa Mama Zuhura, nyumba ya pili kutoka kwangu. Ni watu wa hapahapa pwani, babu zao walikuwa Bunju kabla sisi wa bara hatujajua hata jina lake. Mama Zuhura anauza vitumbua kila asubuhi, mume alifariki, na huyo ndo binti yake wa pekee. Zuhura alianza kuniletea vitumbua nyumbani ana miaka sita, bakuli kalibeba kwa mikono miwili, kifuniko kinagongagonga. Alikuwa anaanza kuamkia tangu getini, shikamoo Mangi, kwa sauti ya juu, halafu anasimama pale pale mpaka umwitikie. Usipomwitikia haingii. Doreen alikuwa anapenda kumchokoza kwa hilo, anajifanya hajasikia.

Sasa hivi ana miaka kumi na sita. Yuko kidato cha tatu.

Miezi mitano iliyopita, Jumamosi mchana, walikuja mabinti watatu dirishani. Walikuwa na tisheti na suruali, wamejipaka midomo rangi, wamelowa maji, nadhani walikuwa wametoka kumwagiana maji kwenye birthday ya mwenzao. Aliyesogea mbele ni Zuhura. Kichwani hakuwa na mtandio. Akashika nondo za dirisha.

"Mambo, Mangi."

Nilijua ni nani. Nataka hili lisomeke vizuri. Sitasema rangi ya midomo ilinichanganya, sitasema jua lilinipiga machoni. Nilimjua kama ninavyomjua Doreen.

Nyuma yao kijiwe kilikuwa kimejaa. Mzee Komba alikuwa ameinua shingo, ananitazama aone nitafanyaje. Wenzake wanangoja. Zuhura akataja vile vichupa vidogo vya pombe kali, vitatu. Ningemwambia mtoto wewe nenda kwa mama yako, yangeishia pale. Lakini watu walikuwa wanasubiri mchezo wangu, na mchezo ulikuwa wangu, nimeubuni mwenyewe.

Nikawageukia nikasema, "Huyu kasalimia."

Wakacheka.

Nikamgeukia Zuhura nikamjibu poa.

Nilimjibu poa mtoto ambaye nimemwitikia marahaba miaka kumi.

Nikampa vichupa vitatu. Alivifunga kwenye fundo la tisheti, wakaondoka wanasukumana na kuchekacheka. Nikakaa. Nakumbuka nilijimiminia soda na sikuimaliza.

Alirudi. Si kila wiki, lakini alirudi, na kila akija ni mambo Mangi, nami ni poa. Tena haikuishia dirishani. Nikikutana naye njiani ananipita na mambo, au ananipita kimya. Mwanzoni nilijiambia ni ujana. Sasa naelewa. Angeniamkiaje Jumatatu njiani, halafu Jumamosi aje dirishani kama mtu mzima? Ilibidi achague moja. Na mie ndo niliyempangia bei ya hicho kichupa, kwamba alipie na adabu yake.

Jumanne ya wiki hii Zuhura alitapika darasani. Mwalimu akasikia harufu. Wakapekua begi lake wakakuta chupa ya soda, ndani kachanganya. Kasimamishwa masomo. Kapewa barua, Jumatatu saa mbili asubuhi arudi na mzazi, na aseme pombe anaipata wapi, maana si yeye peke yake shuleni. Akisema, ataadhibiwa na ataendelea na masomo. Akificha, suala lake linakwenda kwenye bodi ya shule, na Mama Zuhura kashaambiwa bodi huwa inafukuza.

Mama yake alimuuliza Jumanne, akamuuliza Jumatano. Zuhura kimya.

Alhamisi alasiri Mama Zuhura akaja dukani. Hakuja dirishani, alizunguka mlango wa nyuma kama anavyofanya siku zote, kwa sababu upande wa mbele kuna pombe na yeye hapiti. Akaniomba niende kwake nikakae na mtoto. Akasema baba yake angekuwepo asingenisumbua. Akasema wewe umemwona anakua, atakusikiliza.

Nilienda. Ningeweza kumwambia palepale mlangoni, lakini nilivaa shati nikaenda.

Tulikaa barazani kwao kwenye mkeka. Mama Zuhura kaleta chai na vitumbua. Nilikula viwili. Hicho nacho kiandikwe, kwamba nilikula. Zuhura alikuwa kakaa kajifunika mtandio wake, macho kwenye mkeka, anachomoa ukili mmoja mmoja.

"Mie kanishinda," mama yake akaniambia. "Huyu hata kuamkia watu kaacha. Nimemlea mwenyewe, adabu nimempa, sijui kaipeleka wapi. Nashindwa hata kumtuma kwa watu. Muulize wewe, Baba Doreen."

Nami, jamani, nikamuuliza. Nilitumia sauti ya mtu mzima, ile ya vikao vya harusi. Nikamwambia mwanangu, usimfiche mama yako, mwambie nani aliyekuuzia, tumjue.

Zuhura aliinua macho akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama vile anasubiri kitu, akanipa muda wa kutosha. Mie nikameza chai.

Akarudisha macho chini. "Jina lake silijui," akasema. "Mtu mzima tu."

Mama yake akaanza kulia. Nikasema maneno mengine, ya kusali na ya kuvumilia, siyakumbuki na sitaki kuyakumbuka. Nikaaga. Mama Zuhura akamwambia mtoto anisindikize. Zuhura akanitoa mpaka getini, akanifungulia, nikapita. Nilipokuwa nimeshatoka nje, akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kawaida tu:

"Shikamoo, Mangi."

Ya kwanza kwa miezi mitano.

Sikuweza kuitikia. Nikaenda zangu, na najua alibaki amesimama pale getini, kwa sababu lile geti lao linapiga kelele likifungwa na sikulisikia likifungwa.

Sijui kama ilikuwa heshima au alikuwa ananizaba kofi. Nimeifikiria siku mbili. Labda mtoto alikuwa ananirudishia tu nafasi yangu, ananiambia mie nimerudi kuwa mtoto, haya na wewe kuwa mzee.

Jana Ijumaa nilimwambia mke wangu yote. Alikuwa anakata kitambaa cha sare, hakuinua kichwa mpaka amemaliza mkato. Nikadhani atapiga kelele. Hakupiga.

"Mtoto wa watu kakuficha," akasema. "Na wewe mtu mzima umekubali kufichwa."

Nikaanza kumwambia kuhusu leseni, kwamba wakijua nitafungiwa, labda na mahakamani nitafika, na tunakula kwa ile grosari. Akasema anajua tunakula kwa nini, hana haja ya kukumbushwa. Halafu akauliza kama nakumbuka tangazo la kata linasema nini. Nikasema ndiyo. Akasema nimsomee. Nikatoka nje nikapanda kwenye kreti, nikafuta vumbi, nikamsomea. Mistari minne. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye cherehani.

Leo asubuhi, mvua ikinyesha, nimetoa vichupa vyote vidogo rafuni. Nimelishusha tangazo, nikalibandika chini, usawa wa macho, pembeni ya mkono wa anayenunua. Mteja wa kwanza kaja saa tano, Mzee Komba na mwavuli wake. Akaagiza ya kila siku. Nikamwambia mzee wangu, kitambulisho.

Akavua kofia.

Nikamwambia hicho leo sikisomi. Naomba chenye tarehe.

Alinitazama akaona sichezi. Najua hana miaka kumi na saba, sijawa mwehu. Ila niliacha karatasi nikawapima watu kwa masikio, na masikio yamenidanganya kwa sababu nilitaka yanidanganye. Kwa sasa naanza na karatasi, kwa kila mtu, mpaka nijiamini tena. Mzee Komba akaniita jina moja la kwao Songea ambalo sitaliandika hapa, akafungua mwavuli akaenda. Nikajua nimempoteza.

Baada ya nusu saa karudi. Ana kadi ya mpiga kura, kaifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Nikaipokea, nikasoma jina lake kamili, ambalo nilikuwa silijui miaka yote hii, nikasoma tarehe. Nikamrudishia kwa mikono miwili, nikampa bia yake.

Hakwenda kwenye kiti chake. Akabaki dirishani.

"Yule binti wa vitumbua," akasema. "Nasikia shule wamemrudisha nyumbani."

Nikasema ndiyo.

"Siku ile mie nilicheka."

Nikasema nakumbuka. Mvua ikimpiga mgongoni, akauliza kama nitakwenda kusema. Nikamwambia nitakwenda. Akasema nikitaka shahidi yeye alikuwepo, alimwona mtoto na alinisikia mie. Nimemwambia asante, lakini hiyo safari ni yangu, nikienda na mtu itaonekana nimekwenda kujadiliana. Akaitikia kwa kichwa. Bia yake kaiacha hapo dirishani, hajaifungua mpaka sasa naandika.

Siogopi sana mkuu wa shule, wala afisa biashara. Leseni wakiichukua waichukue, banda la kuku bado ninalo na mikono ninayo. Nikitakiwa polisi nitakwenda kwa miguu yangu. Ninayemwogopa ni Mama Zuhura. Nawaza atakavyokumbuka kwamba alinibembeleza, kwamba alinimiminia chai, kwamba aliniuliza mie adabu ya mwanawe imekwenda wapi, na mie nilikuwa naijua ilikokwenda. Hilo sijui nitalibebaje mbele yake. Ila kutojua si sababu ya kutokwenda.

Basi naandika ili nisije nikageuka, maana mkishasoma nyie mtakuwa mmejua.

Kesho Jumapili, saa nne asubuhi, vitumbua vikishaisha na wateja wake wameondoka, nitakwenda kwa Mama Zuhura, na safari hii sitazungukazunguka. Sitavaa shati la vikao. Nitamwambia mie ndo mtu mzima aliyemuuzia mwanao, tangu mara ya kwanza mpaka ya mwisho, na nilikuwa namjua. Akinifukuza nitaondoka. Akitaka nikae anitukane nitakaa. Baraka naye nitamtafuta wiki ijayo nimwombe msamaha mbele ya walewale waliomcheka, lakini Zuhura kwanza.

Jumatatu, kabla ya saa mbili, nitakuwa ofisini kwa mkuu wa shule. Barua nimeshaiandika leo hii hii, ina jina langu kamili, namba ya leseni yangu ya vileo, na saini. Inasema pombe ilitoka wapi na ni nani aliyeitoa. Kwa hiyo Zuhura hatalazimika kumtaja mtu. Kama Mama Zuhura atakubali kuongozana nami, tutakwenda wote. Akikataa, nitatangulia peke yangu nimsubiri kulekule. Mke wangu anayo nakala, na kaniambia ikifika saa mbili sijatoka nyumbani, ataipeleka yeye.

Ile shikamoo ya Alhamisi bado sijaiitikia. Naibeba nayo mpaka Jumatatu. Nikishasema yote mbele ya mwalimu, na mama yake akisikia, Zuhura akiniamkia nitamwitikia marahaba kwa sauti, ya Alhamisi na ya siku hiyo.

Asiponiamkia, nitaanza mie.